Majina Waliyoyakata Mumbai

Kwa Sugni, Mtaa wa Waimbaji,
Kijiji cha Khudiyala,
Barmer, Rajasthan.
11 Machi 2016

Mpendwa mwanangu Barkat,

Assalaam aleikum. Kwanza niambie mgongo wako unaendeleaje, maana Hanif kasema huko Muscat mnabeba mabati toka alfajiri. Unakula lakini? Yule mpishi wenu bado anawapikia wali kama uji? Sisi huku wazima, Mungu anatusitiri. Goti langu la kushoto ndilo limekataa, siku hizi naswali kitini kama mheshimiwa. Mvua hakuna. Mbuzi watatu wamezaa, na mtoto mmoja ana uso wa mjomba wako Gafur kabisa, hata mkewe kakubali.

Barua hii nampa Hanif mkononi, likizo yake inaisha kesho. Ningepiga simu, lakini nyumba yetu unaijua, ukinong'ona jikoni wanasikia mpaka mbuzi, na haya ninayoandika sitaki kaka yangu, baba yako, ayasikie. Mwandiko univumilie. Nilifika darasa la tatu, na mwaka huo mwalimu mwenyewe alikuwa mgonjwa.

Mwanzo wake unaujua, ila naurudia nisije nikapotea njiani. Mwaka jana wale watu wa TV walimchukua baba yako kwenda Mumbai kwenye kile kipindi cha muziki, kile kinachotia nyimbo zetu za jangwani na za maustadhi wa muziki wa zamani na za sinema kwenye sufuria moja. Walimkalisha katikati na kamaicha lake, upinde juu ya nyuzi. Kulia ustadhi mzee mwenye shali, kushoto binti wa sinema mwenye suruali iliyochanika magotini. Nilimuuliza baba yako kama Mumbai sindano zimeadimika. Alicheka siku hiyo. Ni zamani.

Kosa alilifanya mwenyewe, kwa mdomo wake. Alivyorudi tu alikwenda jumbani kwa bwana tunayemwimbia, Thakur Khet Singh, akamwambia, "Bwana, mwezi ujao babu zako saba watatajwa mbele ya India nzima, na Padam nyuma yao." Padam unamkumbuka, mtoto wao mkubwa, yule aliyefukiwa na theluji jeshini. Jina lake baba yako ndiyo kwanza alikuwa amelishona mwisho wa ukoo. Na sisi hatuanzi wimbo kabla hatujawataja wazee wa nyumba tunayoiimbia. Ndivyo tulivyolelewa, kwetu hiyo ni bismillahi ya pili.

Thakur akaita watu wa vijiji vinne. Mbuzi wakachinjwa, TV ikatolewa uani, mazulia yakatandikwa. Sisi wanawake tulikaa nyuma ya pazia pamoja na mkewe, Thakurani. Alikuwa hajatoka chumbani tangu Padam aletwe kwenye sanduku, lakini siku hiyo alitoka. Alishika ukingo wa pazia hivi, kama mtu anayeogopa upepo utamnyang'anya.

Baba yako akatokea kwenye TV. Kilemba chekundu, mzuri, nilijisikia fahari mpaka nikampiga kiwiko mke wa Gafur. Akapitisha upinde mara moja, mara ya pili, halafu wimbo ukaanza moja kwa moja. Pale penye majina, yule binti wa suruali anaimba ooo, ooo, na filimbi nyuma yake. Dakika tatu, kisha tangazo la sabuni.

Watu mia tatu wakamtazama Thakur. Naye akamgeukia baba yako aliyekaa pale uani, akasema taratibu tu, "Desalia, babu zangu wameshukia stesheni gani?"

Watu wakacheka. Hicho kicheko, mwanangu, ndicho kilichotuua.

"Bwana, niliwataja," baba yako akasema. "Mkono huu juu ya kamaicha, niliwataja wote."

"Basi mimi ndiye kiziwi. Na hawa mia tatu viziwi wenzangu. Kuleni, chakula hakina kosa."

Nikageuka kumtazama Thakurani. Pazia limeanguka, mwenyewe kashaingia ndani.

Kesho yake baba yako alimpigia yule kijana wa gitaa wa Mumbai. Akaambiwa eti majina yalichukua dakika nzima na nusu, watu wangebadilisha chaneli. "Mzee usihuzunike, wimbo umependwa mno." Baba yako akarudi jumbani kueleza, wakamwambia bwana amelala. Akarudi tena, bwana amelala. Mtu gani analala wiki tatu.

Sasa haya ya mwezi uliopita hujaambiwa na mtu, tulikubaliana tusikusumbue. Kesar, binti wa Padam, kaolewa. Harusi ya kwanza katika nyumba ile, vizazi saba, bila sisi. Yule ami yake wa Jodhpur alileta spika kubwa kama makabati. Baba yako hakuitwa, akaenda hivyohivyo. Alifunga kilemba akakaa kwenye jiwe la nje ya lango, pale tunapokaaga tukisubiri kuitwa. Toka asubuhi. Hakuna aliyemtolea hata chai, na chai ya jumba lile wanapewa mpaka wauza bangili.

Mchana nikampelekea mkate wa uwele na vitunguu. Ndipo bwana harusi akafika na watu wake, na zile spika zikafunguliwa. Wakapiga wimbo gani? Uleule. Sauti ya baba yako mwenyewe, inatoka ndani ya nyumba aliyofungiwa nje, na ile ooo, ooo ya binti.

Nikamwambia, "Kaka, inuka twende zetu."

Akasema, "Nyamaza Sugni, huoni naimba?"

Mkate ulikuwa mkononi mwake. Hakuula.

Asubuhi yake, bibi harusi alipokwisha kuondoka, akarudi langoni. Akafungua nyuzi zote kumi na saba za kamaicha, moja moja, kwa adabu. Akavua kilemba. Akachimba kwa mikono yake mbele ya watu, akazika nyuzi na kilemba pale kizingitini. Nilikuwa nasikia tu kwa bibi kwamba zamani waimbaji waliwaacha mabwana zao hivyo, sikudhani nitaona. Na unajua maana yake. Kuanzia hapa mpaka mpakani hakuna mtu wetu atakayeiimbia nyumba ile tena, wakizaa, wakioa, wakifa.

Kulizuia ni jambo dogo. Bwana anashuka, anamshika mkono mwimbaji wake kabla udongo haujarudishiwa, basi, yamekwisha. Thakur alikuwa juu kwenye kibaraza, anaona kila kitu. Ngazi ile ina vidato ishirini na viwili, mimi nimeifagia tangu msichana. Mtumishi wao anasema alishuka mpaka katikati, akakaa. Wengine wanasema kifua kilimbana. Wengine wanasema kiburi. Mimi sijui, na leo kwa mara ya kwanza sitaki kujua.

Siku kumi na sita baadaye akafa.

Siku ya kumi na mbili ya matanga huyu wa Jodhpur kavishwa kilemba cha baba yake. Pale ndipo mwimbaji husimama akamuunganisha marehemu na babu zake kwa jina. Kuhani wao wa Kihindu alisoma yake akamaliza. Watu wakangoja, mazoea tu. Mtu mmoja akakohoa. Kisha wakala, wakaondoka. Khet Singh kafa hivyo, hajaunganishwa na mtu.

Baba yako siku nzima alilala kaelekea ukutani. Nilidhani anaomba dua, nikasogeza sikio, unanijua. Alikuwa anawataja. Anaanza babu wa kwanza, anafika kwa Padam, anasimama. Anaanza upya. Jina la Khet halitamki. Amekonda, Barkat, nusu mkate kwa siku. Kamaicha liko ukutani bila nyuzi, na mimi nikifagia chumba kile nageuza uso.

Juzi Thakurani kaniita, mlango wa nyuma. Amekaa pembeni sakafuni, mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Kasema, "Sugni, siwaombi mwimbe, najua midomo yenu imefungwa kwangu. Nataka nisikie mwanangu anaitwa mara moja tu, nijue kwamba yuko na wenzake."

Mimi nina maneno ya kila mtu. Nilimfunika tu shali yake, nikaondoka.

Ila njiani nikakumbuka. Yule kijana wa gitaa aliwarekodi wakifanya mazoezi, kabla ya kukata chochote, akakutumia kwenye simu. Uliniambia mwenyewe uliisikiliza kwenye basi la kazini mpaka wenzako Wamalabari wote wakanyamaza. Majina yote yamo. Nimeifikiria kila upande. Simu haina mdomo, na haikuzika kilemba. Kama dhambi ipo, andika jina langu.

Itume kwenye simu ya dada yake Hanif, nitakwenda nayo mlango wa nyuma. Itume nzima, Padam yuko mwisho kabisa. Na kama uliifuta, najua simu zenu vijana zinajaa mapicha, usinitamkie. Mwambie dada yake Hanif aniulize kama mvua imenyesha, mimi nitaelewa.

Mama yako anakusalimu, anadhani nakuandikia habari za mbuzi. Gafur na mkewe wanakusalimu, na Kesar pia alikuulizia kabla ya kuondoka, anasema ulimfundisha kupiga mbinja. Baba yako salamu hajatuma, hajui kama naandika. Wewe mtumie zako, zitamfaa.

Mungu akulinde na jua la huko, aulinde mgongo wako, na simu yako.

Wako akupendaye kuliko anavyoweza kuandika,
Shangazi yako Sugni