Roda ya Mwalimu Hisham

Mkunazini, Unguja
11 Julai 1994

Kwa Kaka Hisham,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu Mama yupo karibu na atataka nimsomee mwanzo wa barua. Natumai u mzima huko Tanga na wanafunzi wako wanakuogopa kama kawaida. Sisi hatujambo, ukimtoa Mama.

Barua yako imefika. Kurasa mbili nzima unanisuta kwamba nimemwacha Mama avute maji peke yake mpaka mgongo ukamshika. Nnakwenda kazini Mbweni alfajiri, kaka, narudi magharibi. Kabla ya kutoka nilikuwa nikimpandishia ndoo mbili ndogo kwa ngazi, maana mfereji wa juu hautoi hata tone. Zilimtosha, mpaka ulipokuja likizo ya Aprili na roda yako.

Ukakifunga kigurudumu kimoja darini, ukapitisha kamba, ukawaita majirani. Ukasema hii ndiyo fizikia, uzito unakatika nusu, basi Mama atumie ndoo kubwa ya lita ishirini, mkononi ataihisi kumi. Nilipouliza hiyo nusu nyingine inabebwa na nani, ukacheka mbele za watu, ukasema ndiyo maana nilitolewa skuli kidato cha pili. Nani aliyemwambia Baba nitolewe, Hisham? Wewe.

Sasa nisikilize, mwalimu. Kigurudumu kimoja kilichofungwa juu hakipunguzi kitu. Kinageuza upande tu: badala ya kunyanyua, unavuta chini. Ndoo ikipanda pima moja, kamba unayovuta ni pima ileile moja. Ukitaka nusu, funga kigurudumu kwenye ndoo kiwe kinapanda nayo, na ncha moja ya kamba uikaze darini. Hapo mkono utapumua, lakini utavuta kamba pima mbili kwa kila pima moja. Yamo kwenye kitabu chako mwenyewe ulichokiacha kabatini, na mchoro wake. Na wewe unaniandikia kwamba roda ya kwetu utaifanya mfano wa kusomeshea watoto wa watu. Huna haya.

Mama alivuta lita ishirini zote, kila siku ya Mungu, kwa kuwa mwanawe kasema ni kumi. Sasa yupo kitandani wiki ya tano. Daktari kasema asinyanyue kitu tena. Kusujudu hawezi, anasali ameketi, na akishatoa salamu analia kimyakimya akidhani simwoni.

Hayo ni yako. Na mimi ninalo langu. Kitabu kile sikukifungua jana. Nilikifungua wiki ileile uliyoondoka. Nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa Pandu, muuza samaki wa Mwanakwerekwe, nikaifunga kwenye kamba, nikavuta. Ikasoma uzito wa ndoo wote, na zaidi kidogo, maana roda yako inakwaruza.

Sikumwambia Mama. Nilikuwa nakungojea uje Maulidi, nikuumbue kwa mizani ile mbele ya majirani walewale uliowaita. Nilikuwa nikiiwaza siku hiyo natabasamu peke yangu. Na kila jioni nikirudi namkuta Mama kajishika kiuno, namkanda kwa mafuta ya nazi, nanyamaza. Siku thelathini na tisa nilimkanda hivyo. Wewe ulikuwa hujui, Hisham. Mimi nilijua.

Kesho baada ya Alasiri nitamwambia langu. Lako njoo uliseme mwenyewe, usinitume mimi. Na wanafunzi wako uwarekebishie somo kabla hawajakwenda kuwafungia mama zao.

Bi Shemsa wa chini anakusalimu. Mama naye anakusalimu sana na kukuombea dua. Amenituma nikuandikie kwamba roda haina kosa lolote, ndoo ni nyepesi kama ulivyosema, ni yeye tu aliyezeeka, na umsamehe kwa kuwa ameshindwa kuitumia.

Nduguyo,
Bahiya