Upanga wa Mche, Amalemba

Jumatatu, 3 Juni
Saa kumi na mbili asubuhi, uani nyuma ya ukumbi. Nyasi zimelowa, viatu pia. Kukata ishirini kulia, ishirini kushoto. Mkono wa kulia juu ya mpini, wa kushoto mwisho kabisa. Nimekosea tena. Nakata kwa mabega kama mtu anayepasua kuni. Kocha Shitanda alinigonga bega kwa kalamu. "Kiuno, Beatrice. Upanga unafuata kiuno."

Upanga wenyewe ni wa mbao, ukisimamishwa unanifika kifuani. Nina miaka arobaini na mmoja, nauza mbegu na dawa za mifugo na mimea mjini, na kila asubuhi kabla ya kufungua duka nacheza na upanga wa Kichina. Nafurahi mpaka naona aibu. Zimebaki siku kumi na mbili kabla ya mashindano ya sanaa za mapigano. Klabu imenichagua mimi. Mimi!

Jumatano, 5 Juni
Siku mbaya.

Kocha alipokuwa kijana, kiwanda cha sukari kilimpeleka China kujifunza mitambo. Jioni alifundishwa upanga na mzee aliyekuwa mpishi wa bweni lao. Alirudi na mikao yote kichwani, bila cheti. Miaka ishirini sasa anatufundisha bure, na kila mwanafunzi mpya humwambia maneno yale yale: upanga huu wa mikono miwili ni wa Kichina mtupu, tangu mwanzo wa China.

Leo imekuja barua ya wasimamizi wa mashindano. Sentensi tatu. Upanga wa mikono miwili asili yake ni Japani. Hauruhusiwi katika kitengo cha silaha za jadi za Kichina. Tukitaka kupinga, tufike mbele ya waamuzi asubuhi ya mashindano.

Kocha aliikunja mara mbili, halafu mara nne. Alienda nyumbani bila kuaga mtu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimesoma siku mbili, simu mkononi, kati ya wateja. Wote wanataka dawa ya viwavijeshi. Naipima huku nawaza maharamia.

Maana ni maharamia kweli. Zaidi ya miaka mia nne iliyopita walikuwa wakivamia pwani ya China. Wengi walitoka Japani, na walishika panga ndefu kwa mikono miwili. Askari wa China walikuwa na silaha fupi. Walikatwa wao, zikakatwa na silaha zao. Basi jemadari mmoja akaokota panga za adui na maandishi yao ya mafunzo, akawafundisha askari wake mbinu zile zile. Waliofuata wakabadilisha, wakaongeza, wakachanganya na hatua za mkuki. Baadaye sana ukaitwa upanga wa mche, kwa kuwa ni mwembamba na mrefu kama mche unaochipuka.

Lakini mamia ya miaka kabla ya hapo, askari wa China walikuwa na panga zao ndefu za mikono miwili. Zikaachwa.

Sasa ni wa nani? Nilicheka peke yangu. Mteja akauliza kama niko sawa. Niko sawa sana. Barua ni nusu kweli, na nusu iliyobaki inatosha kutuokoa. Nitamwambia Kocha Jumapili.

Jumapili, 9 Juni
Nilitoka kanisani moja kwa moja hadi kwake Shirere. Nikamweleza yote, mbio mbio, kama mtoto aliyeokota kitu barabarani. Nilidhani atafurahi.

Alitazama mikono yake. Kisha: "Kwa hiyo miaka ishirini nimekuwa nikiwadanganya watu?"

Nikasema hapana. Nikasema upanga ni ule ule.

"Nani alikutuma kuchimba?"

Mkewe alileta chai. Haikunyweka. Nilitembea kurudi mjini badala ya kupanda pikipiki ili nisilie mbele ya mtu. Nimemkasirikia. Nimejikasirikia zaidi. Ningeanza polepole.

Jumanne, 11 Juni
Kocha hakuja. Jana pia hakuja. Wengine wameacha kuja kwa sababu hayupo.

Mume wangu Javan alinisindikiza. Alisimama chini ya mwavuli kunihesabia, akahesabu kwa Kiluhya, akiruka nambari makusudi ili nikate zaidi. Nilicheka hadi nikaketi kwenye maji. Halafu, bila kufikiri, mkato mmoja ukatoka sawa. Kiuno kwanza. Hewa ikalia fyuu. Javan akaacha kuhesabu. Nikajaribu tena, ukalia tena.

Furaha ya ajabu. Aliyepaswa kuisikia hakuwepo.

Alhamisi, 13 Juni
Nitaenda mbele ya waamuzi bila yeye. Nimeandika kurasa mbili. Nikamsomea Javan, akasinzia kwenye ya kwanza. Nimezichana.

Naogopa. Upanga siuogopi. Naogopa kusema mbele ya watu.

Nilimtumia Kocha ujumbe: Jumamosi saa mbili. Kimya.

Jumamosi, 15 Juni
Niandike yote kabla sijasahau.

Meza moja, waamuzi watatu. Mkuu wao anaitwa Bwana Mutiso, mpole, miwani puani. Nilisimama, upanga wa mbao mkononi, sauti kama ya kifaranga. Nikaeleza habari za maharamia, za jemadari, za mche. Nilipomaliza akavua miwani.

"Mama, wewe mwenyewe umekiri ulitoka Japani. Sasa tunabishania nini?"

Nikaushika upanga kwa mikono miwili. Halafu mdomo ukaniponyoka.

"Bwana Mutiso, jana ulikula nini?"

"Ugali," akasema, akishangaa.

"Mahindi yalikuja hapa kutoka ng'ambo ya bahari. Baba yangu ni mkulima Lugari. Njoo umwambie obusuma, huo ugali wetu, ni chakula cha wageni, uone kama utatoka shambani na viatu vyote viwili."

Mwamuzi wa kike alicheka kwanza. Wakafuata wote. Nami nikapata sauti. Nikasema Wachina waliuchukua ule upanga kwa sababu walikuwa wanakufa. Wakaulima, wakapanda tena na tena kwa miaka mia nne, hadi hatua, mikao na jina vikawa vyao. Kama hiyo si jadi, basi jadi ni nini?

Mutiso akaandika kitu. "Na mwalimu wenu? Katika fomu ya klabu ameandika ni wa Kichina mtupu. Yuko wapi?"

"Niko hapa."

Mlangoni. Amevaa koti lile la harusi ya binti yake. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani. Alikuja hadi mezani, hakuniangalia.

"Historia niliifundisha vibaya," akasema. "Upanga sikuufundisha vibaya. Mzee wangu hakuniambia ulitoka wapi, na mimi sikumwuliza. Nilijijazia mwenyewe kwa sababu nilitaka uwe mkubwa. Huyu mama ndiye aliyeuliza. Makosa ni yangu. Msimwadhibu."

Walituomba tutoke. Dakika kumi kwenye korido, yeye na mimi, tukitazama tangazo la usafi wa vyoo. Akasema, "Mkono wa kushoto usiukaze sana leo." Hiyo tu. Nikajua tumepatana.

Wamekubali!

Kuhusu onyesho lenyewe nakumbuka kidogo. Mbao za sakafu. Pumzi yangu. Ule mkato wa tatu, kiuno kwanza, na fyuu ikasikika hadi nyuma ya ukumbi. Javan alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Nimepata nafasi ya pili. Aliyeshinda ni msichana wa mkuki, na alistahili. Kocha alinishika mikono yote miwili akaitikisa kama anayepima uzito wake. Alikuwa analia na hakujificha.

Jumapili, 16 Juni
Siwezi kuinua kikombe. Javan ananinywesha chai na kuniita jemadari. Nimelala mchana kutwa.

Jumatano, 19 Juni
Mvua tangu saa nane. Duka tupu. Kocha aliingia akipangusa miguu, na miwani ya kusomea, na daftari jipya. Akaketi juu ya gunia la chakula cha kuku.

"Nisomee," akasema. "Chochote ulichokipata. Polepole."

Nilimsomea habari za upanga mwingine wa mikono miwili, ulionyooka, wenye makali pande zote mbili. Zamani mtu mmoja wa China aliandika kwamba mafunzo yake yalikuwa yamepotea kwao, akayapata yakiwa yametunzwa Korea. Kocha aliniomba nirudie. Akaandika mwenyewe, herufi kubwa kubwa, ulimi nje kidogo.

Kisha akasimama kati ya magunia, akashika mpini usiokuwepo, akasogeza mguu wa kushoto mbele. Akasita.

"Hivi?"

Nikamwambia sijui.

"Hata mimi sijui," akasema, akatabasamu.

Nikatoka nyuma ya kaunta, nikasimama kando yake. Tukajaribu mguu wa kulia.