Seli Zilizoizunguka Saratani ya Bibi Yako

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Huku Lemara hatujambo. Umeuliza kama mwili huitambua saratani.

Enzi mitumba ilipoanza kujaa soko la Kaloleni, nilifanya kazi kwenye maabara ya hospitali. Siku moja daktari aliniita kwenye darubini kutazama kipande cha titi la bibi yako. Niliinama nikatazama.

"Hizi zilizoizunguka saratani ni seli za kinga," alisema. "Zikigusa seli yenye alama ngeni, huitoboa na kuitia sumu."

"Zitashinda?"

"Saratani nyingine huficha alama. Tukate uvimbe, tusubiri."

Kumbe mwili wake ulianza kupigana kabla hatujajua! Alipasuliwa, akapona. Ila hadi leo akichelewa kuamka, nasimama mlangoni nikisikiliza pumzi yake.

Babu yako