Ukuta Wetu Haujapinda

Jumamosi, hapa kwetu Bahati. Ukungu umeondoka mapema, jua limetoka safi kama sahani iliyooshwa, na mimi leo nina kiburi. Asiyetaka kusoma kiburi cha mwanamke mzee afunge simu yake akakamue ng'ombe.

Nimeshinda.

Wacha nieleze polepole, maana wengine mnasomanga kama kuku anavyodonoa. Ukumbi wa kanisa letu tuliujenga sisi akina mama. Mawe tuliyabeba kwa mgongo kutoka machimboni, fundi akichonga sisi tunamchanganyia simiti. Miaka mitatu. Ulipoisha, wakubwa wa kanisa wakasema wanatafuta jengo moja la kuweka mbele ya kalenda ya mwaka ujao. Tukasema, si ni letu hilo!

Katibu wa kanisa akaja na simu yake kubwa saa saba mchana. Akina mama wakafunga vitambaa vya kikundi, wakapanga laini mbele ya ukumbi, kila mmoja aking'ang'ania asimame karibu na jiwe alilobeba. Huku kwetu ukipiga picha ya nyumba bila watu unaulizwa nani amekufa. Katibu akasimama karibu, akainamisha simu nyuma ili paa liingie, akabonyeza.

Picha ikatumwa kwa wakubwa, jibu likaja. Ukuta unaonekana umelala nyuma, halafu jengo limefichwa na watu. Kama mna picha nyingine leteni kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo tunachukua jengo la Molo.

Umelala!

Wanaume wakaanza kutucheka sokoni. "Si mlisema mnajua kujenga?" Nililia. Naandika hapa kwa sababu kanisani siwezi kusema. Mama Jerono, aliyebeba mawe akiwa na miaka sabini, aliacha kabisa kupita barabara ya ukumbi.

Na kosa langu nalisema pia. Aliyeita watu saa saba ni mimi, nikidhani jua likiwa kali ndiyo picha inakuwa nzuri. Na kwenye ile picha, aliyeziba mlango na kofia pana ni mimi huyu huyu ninayewagombeza.

Shule niliachia darasa la nne. Lakini marehemu mzee wangu alikuwa fundi wa mawe, na nilimshikia timazi miaka mingi, ule uzi wenye chuma chini wa kupima kama ukuta umesimama. Nikauning'iniza kwenye kona ya ukumbi. Ukuta ulifuata uzi kutoka juu mpaka chini. Basi kilichopinda ni mkono wa Katibu.

Nikaenda nikamwambia. Akanijibu, "Mama Nafula, simu si jembe."

"Ndiyo," nikamwambia, "na hata jembe hujui."

Alhamisi alfajiri nilitoka na simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Ukungu mtupu. Nilirudi nyumbani na miguu imelowa.

Jana nilirudi tena. Nilivuka barabara, nikarudi nyuma kabisa, nikapanda kwenye ukingo ulioinuka wa shamba la jirani mpaka nikawa sawa na katikati ya ukuta. Hapo sikuhitaji kuinamisha simu. Nikalinganisha ukingo wa kioo na kona ya ukumbi, nikatulia. Jua la saa moja asubuhi likapiga ukuta kutoka ubavuni, na kila jiwe likatoka na alama zake za patasi, moja moja. Saa saba ule ukuta huwa ni uso usio na macho.

Akina mama waliokuwa wamekuja niliwafukuza wote. Mama Atieno akanuna: "Nimebeba mawe ili nife bila kuonekana?"

"Leo ni mawe yataonekana. Toka hapo."

Niliyemwacha ni Mama Jerono peke yake. Nilikuwa nimemtoa kwake kwa nguvu. Nikamweka mlangoni na ufagio wake, ili mtu aone ukuta ulivyo mrefu. Nikabonyeza, na kabla ya jioni picha ikawa imefika kwa wakubwa.

Leo jibu limekuja. Tumepewa mbele ya kalenda. Mbele kabisa!

Katibu amelisoma mwenyewe ukumbini, akina mama wamejaa, sauti yake ndogo. Nilimpa Mama Jerono simu aone. Hakujiangalia hata kidogo. Aliweka kidole kwenye kona ya chini akasema, "Hili ni langu." Halafu akakaa hapo kwenye ngazi ya ukumbi mchana kutwa, akisalimia kila mwanaume anayepita.

Jioni Katibu amenifuata kwa adabu. Anataka nimpigie picha nyumba yake mpya ya Kiamunyi. Nimekubali, mimi si mbaya. Lakini Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa kwa lango lake, na nikimkuta bado amelala, narudi zangu nyumbani.