Zamu ya Watoto

Alhamisi, 17 Oktoba
Idi kanitemea uji kifuani sasa hivi, halafu kacheka. Meno manne tu, na maringo yote hayo.
Mbalamwezi. Dagaa hawavuliwi mwezi ukiwaka, boti zote ziko mchangani, sisi wanawake hatuna cha kuanika. Ndiyo maana kikao chetu cha leo kilijaa. Nikasema kilichokuwa moyoni tangu mwaka jana, mtoto wa jirani alipozama huku mama yake akianika dagaa. Tukae kwa zamu. Mama mmoja abaki na watoto kwenye lile banda tupu la nyavu, wengine waende mwaloni, boti zinaposhusha dagaa. Wamekubali wote! Mama Rehema kaleta mkeka wake wa harusi. Nimefurahi mpaka nikalia.

Jumapili, 20 Oktoba
Banda limejaa. Wanaimba, wanapigana, wanalala. Mama mkwe kaniambia, "Mama Idi, watoto si kuku wa kufungiwa." Nikacheka. Iko siku watu watatoka Ilagala, watatoka hata Ujiji mjini, waje kuona tulivyofanya. Najua naota. Acha niote.

Jumamosi, 26 Oktoba
Giza la mwezi limeingia, boti zimerudi ziwani. Alfajiri mwalo mzima unang'aa dagaa. Mwenye zamu hakutokea. Nikabaki mimi. Jana pia mimi. Kila mmoja anasema giza likiisha atafidia.
Nimeliona kosa letu. Tulipanga kwenye mbalamwezi, wakati kila mtu ana nafasi. Nani abaki na watoto wa wenzie siku zenyewe za kutafuta chakula? Hata mimi mikono inaniwasha. Sijaanika hata beseni moja. Baba Idi anahesabu mabeseni ya wenzangu.

Jumatano, 30 Oktoba
Leo zamu ya Mama Rehema. Nikaenda mwaloni na mimi, nimechoka kubaki. Kumbe kasikia boti zimejaa, kawaachia watoto dada yake Rehema, wa darasa la pili, mwenyewe kakimbilia dagaa.
Rehema kakutwa majini, kifudifudi. Mvuvi mmoja kamtoa. Katapika maji, kalia.
Yuko hai. Yuko hai.
Mikono yangu inanuka dagaa.

Jumamosi, 2 Novemba
Wamekuja kuchukua mikeka, kila mtu wake. Mwaloni jina langu sasa Mama Serikali. "Mama Serikali, leo umefungia wangapi?" Wanacheka sana.
Mama Rehema hanisalimii. Anasema ndoto zangu nusura zimuulie mtoto. Kabla ya banda alikuwa akianika na Rehema mgongoni. Kweli tupu.
Baba Idi kasema basi, inatosha. Sijabisha. Hakuna kitakachobadilika hapa. Watoto watazama, sisi tutaanika.

Ijumaa, 15 Novemba
Mbalamwezi tena. Mvua imekatika, ziwa limetulia. Nimekuja bandani na Idi, wawili tu. Paa linavuja. Kalala kwenye kanga yangu, mdomo wazi.
Kuna jambo linanizunguka kichwani. Kila anayeanika amtengee mwenye zamu bakuli moja la dagaa. Hapo mtu angekaa bila moyo kukimbilia mwaloni. Lakini nimwambie nani? Nikifungua mdomo watacheka tena. Nimechoka kuchekwa.
Mama Rehema huyo anapita, Rehema mgongoni. Kasimama. Ananiita, Mama Idi, we Mama Idi, kwa jina langu lile lile la zamani, sijui anataka nini. Naenda, na la bakuli nitamwambia yeye.