Aliyefuta Orodha Hakuwa Wewe

Mzee Gaspari,

Nimechefuka, na ofisini hakuna wa kumwambia, ndiyo maana nakuandikia.

Ile orodha yako ya wagonjwa wanaopelekewa ujumbe wa siku ya kliniki ilifutika yote siku ya nne baada ya kukuzika. Mkuu wetu mpya alitaka kubadilisha Jumatano iwe Alhamisi. Akachukua mstari wa sed, ile amri ya kompyuta ya kubadilisha maneno ndani ya faili, uliokuwa umeubandika ukutani, ule wa kujaribia. Akaacha -n, inayoinyamazisha sed isitoe chochote. Akaondoa p, inayoiambia itoe mistari iliyobadilika, eti haina kazi. Kisha akaongeza -i, ili iandike juu ya faili lenyewe. Sed ikanyamaza kama ilivyoamriwa, faili likabaki tupu. Hata skrini hakuitazama kwanza!

Wewe ulinifundisha siku ya kwanza, chai yako ikipoa: "Kwanza skrini, halafu faili." Mimi nilikuwa nimesahau -n, kila mstari niliobadilisha ukatoka mara mbili. Ulicheka mpaka ukakohoa, lakini hukumwambia mtu.

Huyu je? Wagonjwa walikosa siku zao, wakaja kulalamika, naye akatangaza mkutanoni kwamba kazi ya marehemu ilikuwa mbovu. Nilijua ukweli, Mzee. Nilitazama meza, nikanyamaza. Najichukia kwa hilo kuliko ninavyomchukia yeye.

Jumamosi tulimaliza msiba nyumbani kwako Batsinda. Mkuu akasimama na Fanta yake mkononi, akakusifu, sauti ikimtetemeka kabisa. Mama Divine, mkeo, akamshukuru kwa mikono miwili. Nilitoka nje nikatema mate.

Orodha nimeirudisha kutoka kwenye nakala uliyokuwa unaiweka kila Ijumaa. Halafu nikafungua kumbukumbu ya amri kwenye seva. Ni ndefu, maelfu ya mistari, mingi ni yako. Nikatumia -n, nikatumia p, nikautoa mmoja tu, ule uliofuta orodha. Una jina la mkuu, una saa, una tarehe.

Kesho mkutanoni nitausoma kwa sauti, hata wakinifukuza. Kisha nitapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi kwa Mama Divine nimwachie karatasi hiyo, watoto wako waisome.

Pumzika, Mzee wangu. Tarehe hiyo ulikuwa na siku nne kaburini, na mimi nilikuwa hai, nimekaa kimya.

Mwanafunzi wako,
Innocent