Anatazama Sikio Langu

Jumanne, 9 Januari

Upepo tangu alfajiri. Jangwa lote limeamua kuhamia ndani ya trela — mchanga kwenye sukari, mchanga kwenye shuka. Hatujatoka. Nikitaka kwenda jikoni lazima mume wangu Verlyn ainue magoti, na jikoni kwenyewe ni hatua mbili. Tukisimama wote wawili, mmoja inabidi ajidai anakwenda chooni.

Nimepika chakula cha kwetu Dakota Kaskazini, tulikoiacha theluji: nyama ya kusaga chini, supu ya uyoga ya kopo, viazi vidogo vya kugandishwa juu. Oveni ya trela hii inaunguza nyuma na kuacha mbele kubichi, kwa hiyo katikati ya mapishi nageuza trei. Verlyn kanyunyiza chumvi. Kaonja. Kanyunyiza tena, nyingi kama ya kukaushia samaki, akala yote.

Jambo jingine. Akiongea nami hanitazami usoni. Anatazama sikio langu la kushoto. Nimejipangusa nikidhani nina unga. Sina kitu.

Alhamisi, 11 Januari

Upepo umepungua kidogo. Saa kumi jioni tukatoa viti nje, kila mtu na kikombe chake, kama desturi. Jirani yetu LaVonne akaja na kiti chake. Mjane, wa Minnesota, anavuta trela yake mwenyewe na hamwombi mtu kitu. Verlyn alicheka kila alichosema. Kila kitu! Hata habari za jino lake.

Mimi natazamwa sikio, yeye anachekewa. Nimefikiria mambo ya kijinga sana. Umri huu.

Halafu nikaangalia vizuri. LaVonne naye alikuwa akitazamwa sikio.

Jumamosi, 13 Januari

Jumamosi chapati za maji ni zake Verlyn, tangu watoto wakiwa wadogo. Leo kasimama mbele ya kikaango, mwiko mkononi.

— Mama, zimetoa mapovu?

Mama ni mimi, tangu watoto wazaliwe. Nikamwambia una macho, tazama. Akainama mpaka nyusi zikakaribia moto. Akazigeuza mbichi. Zikakunjika. Akasema gesi ya safari hii ni dhaifu.

Kisha kahawa. Alinimiminia pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina, taratibu, kwa upendo kabisa, mpaka ikanifika mapajani. Mficha maradhi kifo humuumbua — na kikichelewa kifo, kahawa ipo.

Nilingoja aseme. Kasema, "Meza imeinama. Trela haijakaa sawa." Akatoka kuweka kibao chini ya gurudumu.

Trela ilikuwa imekaa sawa. Pimamaji imebandikwa pale mlangoni, povu lake lilikuwa katikati kabisa. Nililiona kwa macho yangu. Ningeweza kumwita. Sikumwita. Aliweka kibao, akaongeza cha pili, akarudi anapangusa mikono.

— Sasa je?

Nikasema, sasa sawa.

Yai limebingirika kutoka mezani mpaka mlangoni.

Jumapili, 14 Januari

Tumelala miguu juu, vichwa chini. Nimeamka na damu yote masikioni. Yeye anasema kalala vizuri.

Kari kapiga simu. Binti yetu huanza na hali ya hewa na kuishia kwenye chumba. Kile chumba chake cha chini ya nyumba. "Kiko tayari, mama. Kina dirisha." Ninalijua hilo dirisha. Liko usawa wa majani, unaona viatu vya watu na mbwa wakijisaidia. Nyumba ya shamba iko kwa mwanetu Lowell na mkewe, hatuna pengine. Nikimwambia Kari neno moja tu, kesho yuko kwenye ndege na mumewe, na trela inauzwa kwa mtu wa kwanza atakayesimama.

Nikamwambia upepo umetulia.

Sasa najiuliza kuhusu barabara. Njia nzima alikuwa anauliza, kibao kile kinasemaje, mama? Na gari lile mbele ni la rangi gani? Nilidhani ananiongelesha. Nilifurahi hata! Miaka yote hajawahi kuwa na maneno mengi hivyo. Na mimi nilikaa pembeni, nafuma soksi, barafu ya Wyoming inapita dirishani.

Na tulipofika hapa, anarudisha trela nyuma, mimi nyuma namwelekeza kwa mikono kama siku zote: kushoto, kushoto, simama. Nusura aligonge lile dungusi kubwa la miiba. Akafoka: "Sema kwa mdomo! Upepo unapeperusha mikono yako." Nikanuna siku nzima.

Jumatatu, 15 Januari

Friji imekufa. Friji hizi za gesi hazitaki kuinama, hilo hata mtoto wa trela analijua. Maziwa yamechacha, nyama ya kesho inanuka. Verlyn kaigonga ubavuni kwa ngumi. "Takataka ya kiwanda."

LaVonne kaja kuazima kopo la nyanya. Kaingia, kashika ukuta kwa mikono miwili.

— Ardis, hapa tuko melini?

Verlyn akacheka tena. LaVonne hakucheka. Kautazama ule mlango, pimamaji, kisha mimi. Akaniomba nimsindikize.

Nje akauliza, tangu lini. Nikasema, tangu lini nini. Akasema, "Usinifanye mjinga. Juzi alinisalimia, 'Mama, kahawa iko tayari?' Mimi si mama yake, wala mkewe, na nimemzidi kimo mkewe kwa kichwa kizima."

 Kwetu tunajua kunyamaza.

— Nani atavuta trela hii mpaka Dakota?

Nikasema sijawahi hata kuitoa kambini. Akasema gari ni gari, mbele hakuna kazi. Kazi ni kurudi nyuma. Angenifundisha, lakini anaondoka kesho kwa dada yake California. Alinishika mkono. Mkono wake una sugu. Nilitamani kulia, nikamwambia anirudishie kopo la nyanya akipita mwakani.

Askari wa hifadhi kapita mchana. Mpole. Wiki mbili tulizoruhusiwa kukaa zinaisha Alhamisi, kuna wengine wanangoja nafasi.

Jumatano, 17 Januari

Nafasi ya LaVonne iko wazi. Alama za magurudumu tu.

Tangi la maji machafu limejaa, la maji safi limebaki na maji kiasi cha mkojo wa paka. Tumekula biskuti na siagi ya karanga kwa sababu hazihitaji sahani. Nimesema, Verlyn, kesho. Kasema, kesho ndiyo. Nimesema, ni mbali. Kasema, tumeshakwenda mbali zaidi.

Nilikuwa na sentensi mdomoni jioni nzima. Ndani ya kisanduku hiki kila kitu kinasikika, hata mtu akimeza mate. Nadhani aliisikia.

Alhamisi, 18 Januari

Nimevitoa vile vibao viwili asubuhi, yeye akiwa anavaa viatu. Trela imeshuka kidogo. Ameendelea kufunga kamba.

Kisha nimeingia kwenye pikapu. Upande wa usukani. Sikueleza. Amekuja mpaka mlangoni, kanyosha mkono kwenye kitasa, kakuta kiwiko changu kikining'inia dirishani. Kakishika. Kakaa nacho kidogo. Halafu kageuka, kaenda nyuma, mkono wake mmoja ukiambaa ubavuni mwa gari.

Nimerudi nyuma polepole, kuiendea trela. Yeye ndiye anayenielekeza sasa, mikono juu, kushoto, kushoto, kwa uhakika kabisa, kama mtu anayeona. Nimekosea mara mbili. Nimesogea mbele, nimerudi. Sasa imebaki kama shibiri moja. Ule mpira wa chuma nyuma ya pikapu uingie chini ya mdomo wa trela, basi tumeunganika.

Nimetoa kichwa dirishani. Mkono wake mmoja ameushusha kati ya chuma na chuma. Vidole vimefunguliwa, vinangoja.

Nikamwambia, toa mkono.

— Rudi tu.

— Verlyn. Toa mkono kwanza.

 Halafu, polepole, kama mtu anayeuliza saa:

— Bila mkono sioni, mama.

Amelisema. Nimekanyaga breki mpaka mwisho. Injini inaunguruma. Nimetoa daftari nikaliweka juu ya usukani kwa sababu sijui nifanye nini kingine na mikono yangu. Kwenye kioo cha pembeni namwona ameinama, uso ameuelekeza kwangu. Kidogo kando. Kwenye sikio.

— Unaandika tena?

Nimesema ndiyo.

— Basi maliza. Nipo.

Mkono hajautoa.